Nani Analipwa Kugonga Mlango wa Mzee?

Mezani kwangu kuna kaunta buku lenye jalada jeusi, la aina ile wanayotumia wanafunzi wa sekondari. Ni la mhudumu wa asasi moja ndogo mkoani Mara. Ameandika humo majina ya wazee 41, kila mzee na kurasa zake: anaishi na nani, anaona au haoni, dawa gani anameza, jirani yupi ana ufunguo wa nyumba. Chini ya kila jina amepanga tarehe za kumtembelea, mara moja kwa wiki, na pembeni ya tarehe ameandika neno moja au mawili. "Amekula." "Mguu umevimba." "Analia." "Hakuamka, nimemwita mwanawe." Tarehe zinaanza Januari na kukoma Desemba, siku ruzuku ilipokwisha. Taarifa ya mwisho iliyokwenda kwa mfadhili, ambayo mimi mwenyewe nilisaidia kuiandika, ilisema mradi umefikia malengo yake yote. Kwa namna malengo yale yalivyoandikwa, ilikuwa kweli. Wiki iliyofuata wazee wale waliamka kama kawaida, na hakuna aliyebisha hodi.

Nimekaa pande zote mbili za meza hii kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Nimeandika maandiko ya miradi kwa niaba ya asasi za wilayani, na nimeketi kwenye kamati zinazoyachambua na kuamua nani apewe. Msimamo nilioupata huko ni huu: fedha za kuwahudumia wazee wasiojiweza ni chache, hilo halina ubishi, lakini hata hizo chache zinakuja kwa umbo lisilolingana na kazi yenyewe. Ruzuku hukatwa kwa kipimo cha mradi, wenye siku ya kuanza, siku ya kufunga na mabadiliko ya kuonyesha katikati. Kumtunza mzee aliyeishiwa nguvu hakuna siku ya kufunga isipokuwa ya mazishi. Kwa hiyo tunagharamia semina, fulana, mabango, mablanketi na kuku, na tunakataa kumlipa mtu anayekwenda mlangoni. Mtu huyo ndiye huduma yenyewe.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa asilimia 5.7, yaani karibu milioni tatu na nusu. Wengi wao walilima, walivua, walifuga au walichuuza maisha yao yote, hawakuwahi kuchangia mfuko wowote wa hifadhi ya jamii, na hawana mafao ya kusubiri. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003. Sera ya Afya ya 2007 inasema mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) unazifikia baadhi ya kaya zao kwa sababu ni maskini. Serikali ina makazi ya wazee, kama Nunge kule Kigamboni, Kolandoto mkoani Shinyanga au Bukumbi mkoani Mwanza, lakini hayo ni ya wachache waliokosa kabisa pa kuegemea. Mzee wa kawaida wa kijijini, anayeishi na wajukuu wawili au peke yake, yuko katikati: hana umaskini wa kupelekwa kwenye makazi ya serikali, wala hana wa kumchotea maji. Hapo katikati ndipo asasi ndogo za wilaya na kata zinapofanya kazi, na hapo ndipo ruzuku inapotakiwa kufika.

Tuchukue mfano wa hesabu, maana suala hili hueleweka vizuri zaidi kwa shilingi kuliko kwa maneno. Mhudumu mmoja mwenye baiskeli anaweza kuwatembelea wazee wanane kwa siku bila kuwakimbiza. Kwa siku tano ni wazee 40. Kwa wiki 50 za mwaka ni ziara 2,000. Mhudumu huyo akilipwa shilingi 250,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni milioni tatu, na kila ziara inagharimu shilingi 1,500. Sasa weka pembeni semina ya siku moja ya "kuwajengea uwezo wadau" yenye watu 40, posho na nauli shilingi 30,000 kila mmoja, chai na chakula 15,000. Hiyo ni milioni moja na laki nane kabla hujalipia ukumbi. Kwa fedha hizo mhudumu angegonga milango mara 1,200. Nimewahi kuona bajeti yenye semina tatu za namna hiyo ikipitishwa bila swali, kisha mstari wa mshahara wa mhudumu ukarudishwa na maoni kwamba "gharama za watumishi zimezidi kiwango." Kiwango hicho, kwa wafadhili wengi niliofanya nao kazi, kilikuwa asilimia 20 ya ruzuku yote, wakati mwingine 10. Kwa asasi inayochimba visima hiyo inaweza kutosha, kwa kuwa fedha nyingi inakwenda kwenye mabomba na saruji. Huduma ya mzee haina bomba wala saruji. Ina mtu, muda wake na miguu yake.

Asasi hufanya nini ikikutana na ukomo huo? Humwita mhudumu "mtu wa kujitolea" na kumpa posho ya shilingi 5,000 au 10,000 kwa wiki. Wengi wanaokubali ni kina mama wa makamo, wenye mashamba yao, watoto wao na mara nyingi wazee wao wenyewe nyumbani. Hudumu miezi minne, mitano, kisha msimu wa kulima ukifika huacha. Anayekuja baada yake hajui ni bibi yupi haonyeshi kama ana maumivu, wala ni babu yupi huficha vidonge chini ya mto. Maarifa ya namna hiyo hayaandikiki yote kwenye daftari. Yanajengwa kwa kurudi nyumba ile ile, wiki hadi wiki, mpaka mzee akuzoee na akuambie ukweli. Nilimfuata mhudumu wa Mara siku moja, tukafika kwa bibi mmoja wa zaidi ya miaka 80. "Shikamoo bibi," nikasema. "Marahaba mjukuu wangu, wewe nawe ni wa mradi?" Nilipojibu kwamba nimekuja tu kumsalimu, akamgeukia mhudumu na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba tangu juzi hajapata choo. Mimi ningekaa pale mwaka mzima nisingeambiwa.

Kisha kuna viashiria. Kila fomu ya ruzuku huuliza ni mabadiliko gani yatatokea, na jinsi yatakavyopimwa. Swali hilo ni halali kwa shule na kwa kilimo. Kwa mtu wa miaka 84 mwenye shinikizo la damu na mtoto wa jicho, mafanikio yanaweza kuwa kwamba Desemba yuko vile vile alivyokuwa Januari, au kwamba amefariki akiwa msafi, ameshiba, na mtu amemshika mkono. Fomu haina kisanduku cha kuandika hivyo. Basi asasi hujifunza, polepole na bila nia mbaya, kuwachagua wazee wa kuonyesha mabadiliko: wa miaka 60 na ushee, wenye nguvu, wanaoweza kuhudhuria kikao, kufuga, kupiga picha wakiwa wamesimama na mbuzi. Waliolala ndani hubaki ndani. Nimepitia orodha za wanufaika za miradi kadhaa na kila mara nimeuliza umri, na kila mara nimekuta wa miaka 80 na zaidi ni wachache mno, ilhali ndio waliokuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko, katika aya ya kueleza tatizo. Huu ndio ubaya wa mfumo huu unaoniumiza kuliko wote, kwa sababu hauonekani kwenye hesabu. Mkaguzi atakuta kila shilingi ina stakabadhi yake.

Kuhusu stakabadhi nina neno. Mwenye bodaboda anayempeleka mzee kituo cha afya kwa shilingi 3,000 hana mashine ya EFD. Muuza uji hana. Mama anayefua mashuka hana. Mfadhili akidai risiti ya kielektroniki kwa kila matumizi, anailazimisha asasi inunue vitu vya dukani mjini badala ya huduma za jirani, na jirani ndiye anayemjua mzee. Asasi nyingine hutafuta njia ya mkato ya kupata risiti, na hapo mtu mwaminifu huanza kufundishwa udanganyifu.

Na muda wenyewe nao una mitego yake. Mkataba husainiwa Machi, fedha zinaingia Juni, zitumike ziishe Desemba. Hulipwa kwa awamu, na awamu ya mwisho hutolewa baada ya taarifa ya mwisho kukubaliwa, maana yake asasi itangulize fedha isiyokuwa nayo. Pa kukopa ni kwa mwenye duka. Kanuni za mwaka 2018 chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ziliongeza kwamba mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku kumi. Uwazi ni jambo jema na naliunga mkono. Lakini kwa asasi ambayo katibu wake ndiye mhasibu, dereva na mpokea simu, kila sharti jipya lisiloambatana na fedha ya kulitekeleza linakatwa kutoka kwenye siku za kutembelea wazee.

Juu ya yote hayo kuna ngazi. Fedha hutoka kwa serikali ya nje, ikaenda kwa shirika kubwa la kimataifa, likaipitisha kwa shirika la kitaifa, ndipo ikafika wilayani. Kila ngazi huchukua sehemu yake ya uendeshaji, na anayefika mwisho huambiwa kwamba ruzuku yake ni ya shughuli tu. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika ya misaada waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura itawafikia watendaji wa kitaifa na wa mashinani kwa njia fupi iwezekanavyo. Haikufika. Novemba 2021 mkuu wa USAID wakati huo, Samantha Power, alitangaza lengo la robo ya fedha za shirika lake kwenda moja kwa moja kwa wenyeji ifikapo 2025. Katika mwaka wa fedha 2023 kiwango kilikuwa asilimia 9.6. Januari 2025 misaada ya Marekani ikasimamishwa, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikafungwa rasmi. Asasi za chini kabisa kwenye ngazi ndizo zilizokuwa hazina akiba hata ya mwezi mmoja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuziruhusu ziweke.

Kwa wazee kuna tatizo la ziada: hawahesabiwi. Tafiti za viashiria vya UKIMWI nchini za 2003-04, 2007-08 na 2011-12 ziliwahoji na kuwapima watu wa miaka 15 hadi 49. Bibi wa miaka 65 aliyekuwa akilea wajukuu yatima hakuwa kwenye jedwali, na asiyekuwa kwenye jedwali hawi kwenye bajeti. HelpAge, shirika la kimataifa la kutetea wazee, ilipochambua maombi ya fedha za dharura duniani kwa miaka ya 2010 na 2011, ilikuta miradi yenye angalau shughuli moja iliyowalenga wazee haifiki asilimia moja. Hapa kwetu, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kama ilivyorekebishwa 2018 inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawakutajwa. Inaeleweka, kwa sababu ule ni mkopo na mzee wa miaka 80 hakopeshwi. Ila hakuna mfuko mwingine uliowekwa wa kumfikia yeye kwa njia inayomfaa.

Hoja ninazoambiwa

Ya kwanza, na inayotoka moyoni mwa watu, ni kwamba mzee ni wa familia yake. Sisi si watu wa kuwapeleka wazazi wetu kwa wageni. Nakubaliana na moyo wa hoja hiyo, lakini hebu tutazame familia ilivyo. Mkoani Kagera, ambako UKIMWI uliua watu wazima wengi kabla ya dawa kupatikana, mzee ndiye aliyebaki kuwa familia. Asasi ya Kwa Wazee, iliyoanza mwaka 2003 Nshamba wilayani Muleba kwa fedha nyingi kutoka Uswisi, ilifanya jambo lililoonekana la ajabu kwa wafadhili wa wakati ule: iliwapa bibi na babu hao pensheni ndogo ya kila mwezi, shilingi 6,000, na nyongeza kwa kila mjukuu anayelelewa. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilibeba jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa kuwa huko ndiko fedha zilikokwenda. Fedha aliyopewa mzee ilimsomesha mtoto. Somo lingine halizungumzwi sana: asasi ile ilidumu. Ilikuwa na wafadhili waliokubali kwamba mwezi ujao bibi atahitaji tena chumvi.

Tena familia si salama kila mahali. Usukumani, kina mama wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu wa karibu analitaka. Macho mekundu yaliyohesabiwa kuwa ushahidi wa uchawi yalitokana na moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni. Wilayani Magu asasi ya MAPERECE, ikishirikiana na HelpAge, iliingia kwenye jambo hili kwa majiko yanayopunguza moshi, kwa kutengeneza nyumba, kwa ngoma na maigizo, na kwa kuwaketisha pamoja sungusungu, waganga wa jadi na viongozi wa vijiji. Kazi hiyo haiwezekani kwa ruzuku ya miezi 12. Kumshawishi mganga wa jadi akae kwenye mkutano mmoja na mama ambaye yeye mganga aliwahi kumtuhumu kunataka misimu mingi.

Hoja ya pili ni kwamba mishahara na ofisi ni ulaji. Mwaka 2009 Ann Goggins Gregory na Don Howard, wakiandika huko Marekani, walieleza mzunguko ambao mtu yeyote wa asasi za Tanzania angeutambua mara moja: mfadhili hutarajia gharama za uendeshaji ziwe ndogo kuliko zilivyo, asasi inayoogopa kukosa fedha huandika takwimu ndogo kuliko ukweli, mfadhili huziamini na mwaka unaofuata hutarajia ndogo zaidi. Mwisho asasi haina mhasibu, hesabu zake zinakuwa na dosari, na dosari hizo zinatumika kuthibitisha kwamba asasi za wenyeji hazina uwezo. Sisemi wizi haupo. Asasi za mfukoni zipo, nimezikuta, zenye mhuri na akaunti ya benki na hakuna mzee hata mmoja anayezifahamu. Dawa yake ni kwenda kijijini na kuwauliza wazee. Kukata mshahara wa mhudumu hakumzuii mwizi. Anayeumia ni aliyekuwa anafanya kazi.

Ya tatu inaitwa uendelevu, na hapa ninabeba sehemu yangu ya lawama, kwa sababu niliandika maandiko kadhaa ya aina hiyo. Kila mzee apewe kuku kumi, wataongezeka, atauza mayai, hatahitaji msaada tena. Mwaka mmoja tuligawa kuku hao mwezi Juni. Mdondo ukapita kiangazi, na kufikia Oktoba mabanda mengi yalikuwa matupu. Hata pale kuku walipopona, aliyewachunga alikuwa mjukuu, na mjukuu aliacha kwenda shule siku za mnada. Mtu aliyelima kwa miaka 60 hakukosa ujuzi wa kujitegemea. Amechoka. Kumdai aanze biashara ili astahili chakula ni kumkosea adabu, na sijui kwa nini ilinichukua muda mrefu kuliona hilo.

Wengine husema serikali imeshabeba mzigo. Matibabu ni bure, kuna dirisha la wazee hospitalini na kibao cha kumpisha mzee kwanza, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Yote ni kweli na yanastahili kusifiwa. Lakini dirisha lipo hospitali na mzee yupo kilomita 14 kutoka hapo. Anahitaji nauli, mtu wa kumsindikiza, mtu wa kukumbuka jina la dawa aliyoandikiwa, na dawa ikikosekana dirishani, shilingi za kuinunua nje. Haki iliyoandikwa kwenye sera hufika nyumbani kwa mzee ikiwa kuna mtu wa kuifikisha.

Mfano mzuri zaidi tulionao wa serikali kumfikia mzee hadi nyumbani uko karibu. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka fedha zake yenyewe, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Mwaka 2023 ikapandisha hadi 50,000. Kenya nayo, kupitia Inua Jamii, iliwafungulia mlango wa malipo ya shilingi 2,000 za Kenya wazee wa miaka 70 na kuendelea. Naamini Tanzania Bara itafika huko na inapaswa kufika mapema. Pensheni ya aina hiyo haitaziondoa asasi kazini. Itaziondolea kazi ya kugawa unga, ambayo hazikupaswa kuwa nayo, na kuziachia ile ambayo fedha peke yake haiwezi: kumwogesha mzee, kumsomea barua, kugundua kidonda kabla hakijaoza, kumsindikiza polisi pale mtoto wake anapouza shamba kwa siri.

Misikiti na makanisa yanafanya mengi, hasa mwezi wa Ramadhani na wakati wa Krismasi. Ningependa kuona kamati za zaka na idara za jumuiya zikiigawa sadaka hiyo kwa miezi 12, angalau kwa kumlipa mhudumu mmoja kila kata.

Ruzuku ikatwe vipi

Kwa wafadhili, wa nje na wa ndani, naanza na muda. Ruzuku ya huduma kwa wazee iwe ya miaka mitatu kwa uchache, na mstari wa kwanza wa bajeti uwe wa wahudumu. Ukomo wa asilimia kwa watumishi uondolewe katika kazi hii. Gharama za uendeshaji zilipwe, na zishuke hadi ngazi ya mwisho kwa kiwango kile kile zinacholipwa juu. Hata serikali ya Marekani, kuanzia Oktoba 2024, ilipandisha kutoka asilimia 10 hadi 15 kiwango ambacho asasi isiyo na makubaliano maalumu inaweza kudai kwa gharama hizo. Shirika la kati lililopokea 15 halina sababu ya kumpa sifuri aliye Magu au Muleba. Asasi iruhusiwe kujenga akiba ya miezi mitatu. Na ikiwa lazima ruzuku ifike mwisho, miezi sita ya mwisho iwe ya kukabidhi: kila jina lililomo daftarini likabidhiwe kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii au kwa jirani aliyekubali, kwa kikao na kwa saini. Kukabidhi kuwe na bajeti yake.

Vipimo vibadilike. Niulize ni ziara ngapi zilifanyika kati ya zilizopangwa, ni siku ngapi zilipita tangu mzee augue mpaka afike kituo cha afya, ni wazee wangapi wa miaka 80 na zaidi wamo kwenye orodha, na ni mhudumu yule yule kwa muda gani. Haya yanahesabika, na asasi haiwezi kuyapamba kwa kuwachagua wenye nguvu. Badala ya risiti ya EFD kwa matumizi madogo, litumike daftari la nauli linalosainiwa na mzee au jirani na kugongwa mhuri na mtendaji wa kijiji kila mwisho wa mwezi. Fomu ziwe za Kiswahili. Nimeona asasi yenye huduma nzuri ikishindwa na asasi yenye mtu mmoja anayejua Kiingereza cha maandiko, na wachambuzi, mimi nikiwemo, tukaita hiyo "ubora wa andiko."

Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa 2002, imeonyesha kwamba inawezekana kuwa na chombo cha hapa hapa kinachopokea fedha za wafadhili mbalimbali na kuzigawa kwa asasi za mikoani. Ningependa lifunguliwe dirisha la namna hiyo kwa ajili ya matunzo ya wazee, ambalo kampuni, benki na Watanzania walioko ughaibuni wanaweza kuchangia, na asasi ichunguzwe mara moja kwa niaba ya wote badala ya kila mfadhili kuja na dodoso lake.

Halmashauri nazo zina nafasi yake. Sipendekezi kugusa asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kuwagombanisha na wazee hakumsaidii yeyote. Napendekeza fungu tofauti, hata likiwa dogo, la kuzipa asasi za wilayani ruzuku ya kulipa wahudumu kwa mkataba unaopimika. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Wahudumu hao wana mambo mengi mikononi, kuanzia chanjo hadi kifua kikuu, na hawataweza kukaa nusu saa na kila mzee. Wakiunganishwa na wahudumu wa asasi, kila upande unaufaa mwenzake.

Na kwa asasi zenyewe: acheni kuandika takwimu za uongo za gharama zenu. Kataeni ruzuku inayowataka mnunue mabango na kuwanyima mhudumu. Kila robo mwaka nendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji msome mapato na matumizi yenu hadharani kama kijiji kinavyosoma yake, na myabandike ukutani kwenye ofisi ya mtendaji. Hakuna mkaguzi wa Dar es Salaam anayejua kama bibi wa kitongoji cha pili alipata uji, lakini mkutano mzima unajua.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya vijiji na kata hukusanywa miezi mingi kabla. Asasi ya Mara imeandika barua kwa halmashauri yake kupitia baraza la wazee la kata, ikiomba fedha za wahudumu wawili kwa miaka mitatu, shilingi milioni 18 kwa jumla. Nimewashauri waambatishe nakala ya kaunta buku hili, kurasa zote. Majina bado ni 41. Matano yamepigwa mstari tangu Januari. Mhudumu ameyapiga mwenyewe, kila aliposikia msiba.